Printa ya mtandao imegoma? Uliza foleni kwanza

Malalamiko huwa yaleyale, yawe yametoka saiba ya Kondele, ofisi ya shule kule Kakamega au duka la vifaa vya ofisi mjini Nakuru: "Nimetuma lakini hakitoki kitu." Anayesema hivyo mara nyingi ameshazima printa na kuiwasha, amefungua trei, ametikisa kasha la tona, ila kompyuta hajaiuliza swali hata moja.

Mwongozo huu ni wa wanaotuma kazi kwa amri za lp na lpr kwenye Linux. Sehemu kubwa itakufaa pia kwenye Mac, kwa kuwa uchapishaji wa huko nao unasimamiwa na CUPS, programu inayopanga foleni na kutuma kazi kwenye printa. Katika mifano nimeiita printa "ofisi" na kuipa anwani 192.168.1.50, weka jina na anwani yako.

Ukiandika `lp -d ofisi barua.pdf`, faili haiendi kwenye printa moja kwa moja. Inaingia kwanza kwenye foleni iliyo ndani ya kompyuta yako, inageuzwa kuwa lugha ambayo printa inaielewa, kisha ndipo inasafirishwa kupitia mtandao. Ule ujumbe wa "request id is ofisi-27" maana yake ni kwamba foleni imepokea kazi, basi. Printa yenyewe huenda imezimwa tangu jana. Kwa hiyo kabla hujainuka kwenye kiti:

```
lpstat -t
```

Tafuta mambo manne kwenye jibu: kama msimamizi wa foleni anafanya kazi, printa ipi ndiyo ya kawaida, foleni inatuma kwenye anwani gani, na kama printa imeandikwa "idle", "disabled" au "not accepting requests". Hitilafu nyingi zilizo hapa chini hujianika zenyewe katika mistari hiyo michache.

## Kazi zimejipanga kwenye foleni, hazisongi

Hili ndilo linaloulizwa zaidi, na katika miji yetu huja sana baada ya stima kupotea na kurudi. Sababu, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi:

Foleni imesimamishwa. Printa ilikosa kujibu wakati stima imepotea, CUPS ikaisubiri, ikakata tamaa na kuifunga foleni. Stima ikirudi printa inawaka taa ya kijani, lakini foleni haijifungui yenyewe. Utaona neno "disabled" pamoja na tarehe na saa. Saa hiyo itazame vizuri: ikilingana na saa ya giza, umeshapata jibu.

Usikimbilie kuifungua. Angalia kwanza kilichorundikana:

```
lpstat -o ofisi
```

Mtu akiona karatasi haitoki, hutuma tena na tena. Ukifungua foleni yenye mtihani wa kidato cha pili uliotumwa mara sita, nakala arobaini kila mara, utamaliza rimu nzima kabla hujaifikia swichi. Futa zilizojirudia kwa kutaja namba ya kazi, kisha ufungue:

```
cancel ofisi-28
sudo cupsenable ofisi
```

Ikiwa mstari mwingine unasema foleni haipokei kazi, ongeza `sudo cupsaccept ofisi`. Hizi ni hali mbili tofauti. Foleni inaweza kupokea kazi bila kuzituma, au kutuma zilizomo huku ikikataa mpya.

Kama mchezo huu unajirudia kila wiki, iambie foleni ijaribu tena baadaye badala ya kujifunga:

```
sudo lpadmin -p ofisi -o printer-error-policy=retry-job
```

Kwa ofisi yoyote isiyo na UPS (betri ya akiba), mimi ningeliweka hili siku ya kwanza.

Anwani ya printa imebadilika. Ruta imewaka upya na kugawa anwani upya. Iliyokuwa 50 sasa ni 63. Foleni bado inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Jaribu:

```
ping -c 3 192.168.1.50
nc -zv 192.168.1.50 631
nc -zv 192.168.1.50 9100
```

Mlango (port) 631 ni wa IPP, itifaki ambayo printa nyingi za sasa hutumia. Mlango 9100 ni wa kupokea data ghafi, na printa za zamani za ofisini karibu zote zinao. Ping ikijibu lakini milango yote miwili imefungwa, kifaa unachozungumza nacho huenda si printa kabisa.

Ili kupata anwani mpya, chapisha ukurasa wa mipangilio ya mtandao kutoka kwenye vitufe vya printa yenyewe, au uitafute kwa `ippfind` ama `lpinfo -v`. Kisha elekeza foleni upya bila kuifuta:

```
sudo lpadmin -p ofisi -v ipp://192.168.1.63/ipp/print
```

Hiyo ni dawa ya leo tu. Ya kudumu iko kwenye ruta: ingia kwenye mipangilio yake na uihifadhie printa anwani moja kwa kutumia namba yake ya MAC (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao), iliyo kwenye ule ukurasa wa mipangilio. Wapo wanaoiandika anwani kwenye printa kwa mkono. Inafaa pia, mradi uchague namba iliyo nje ya zile ambazo ruta hugawa. Usipofanya hivyo utakutana na tatizo la kugongana kwa anwani, ambalo nalieleza punde.

Kompyuta iko kwenye mtandao mwingine. Intaneti ya ofisi imeisha, mtu amewasha hotspot ya simu ili amalize fomu za eCitizen, na laptopu imebaki huko. Printa iko kwenye waifai ya ofisi. Andika `ip -4 addr` na ulinganishe tarakimu za mwanzo. Laptopu ikiwa na anwani inayoanza na 172.20.10, hiyo ni hotspot ya iPhone, na printa ya 192.168.1.50 haitaiona hata ukiomba. Waifai ya wageni nayo ina mtego wake: ruta nyingi huzuia vifaa vilivyo humo visionane, hivyo intaneti inapatikana vizuri huku printa haipatikani.

Anwani mbili zimegongana. Dalili yake ni kuchapisha leo, kukataa kesho, kukubali tena jioni. Kuna kipimo chepesi kuliko vyote katika ukurasa huu: zima printa kabisa, chomoa waya wake wa stima, kisha ping anwani yake. Ikijibiwa, kuna kifaa kingine kimeikalia, labda simu ya mtu au kamera ya CCTV.

Kazi moja mbovu imekaa mbele. Faili iliyoharibika ikikwama kichwani mwa foleni, ni kama matatu iliyokufa kwenye lango la stendi: walio nyuma wazima kabisa hawatoki. Futa ya kwanza peke yake uone kama nyingine zitasonga. Usianze na `cancel -a ofisi`, inayofagia kila kitu pamoja na kazi za wenzako.

## Kompyuta inasema haijui printa

Ujumbe ukiwa "no default destination available", hukutaja printa na hakuna iliyowekwa kuwa ya kawaida. Taja kwa -d, au iweke moja kwa moja:

```
sudo lpadmin -d ofisi
```

Ukiwa "The printer or class does not exist", jina umelikosea. Pata orodha kwa `lpstat -p` na ulinakili lilivyo.

Kuna hali ya tatu inayochanganya watu: kazi inaenda, lakini kwenye printa isiyo yake. Mtumiaji akiwahi kuandika `lpoptions -d stoo`, chaguo hilo hubaki kwenye faili `~/.cups/lpoptions` ndani ya folda yake, na linashinda chaguo la kompyuta nzima. Vivyo hivyo kwa `echo $PRINTER` na `echo $LPDEST`. Zikitoa jina, hilo ndilo linalofuatwa.

## "Scheduler not responding"

Huduma ya CUPS imelala. `sudo systemctl restart cups` huiamsha. Ikilala tena papo hapo, pima nafasi ya diski kwa `df -h /var`. Diski ikijaa hadi pomoni hakuna pa kuweka kazi zinazosubiri, na kuwasha upya hakutasaidia hadi uondoe uchafu.

## Foleni inasema imemaliza, karatasi haijatoka

Hapa ndipo watu hugombana na kompyuta bure. Thibitisha kwanza kwa `lpstat -W completed -o ofisi`. Kazi ikiwa kwenye orodha hiyo, kompyuta imefanya yake, hasa kama foleni inatumia mlango 9100, ambako husukuma data na kuondoka.

1. Ukubwa wa karatasi. Programu nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa Letter ya Marekani, nasi trei zetu zina A4. Printa inapokea kazi, inawasha taa ya chungwa na kungoja karatasi ambayo haiuzwi hapa mjini. Nenda ukasome kioo chake. Jaribu `lp -d ofisi -o media=A4 barua.pdf`; ikitoka, ifanye A4 iwe ya kudumu kwa watumiaji wote: `sudo lpoptions -p ofisi -o media=A4`.

2. Imetoka kwingine. Tazama printa ya chumba cha pili kabla ya kuendelea. Kweli, nenda utazame.

3. Mashine kubwa za kukodi, zile za nakala na skani pamoja, mara nyingi hudai namba ya idara. Kazi isiyo na namba hutupwa kimyakimya. Suluhisho liko kwenye draiva ya mashine hiyo au kwa anayeisimamia, wala si kwenye lp.

4. Printa imepokea lugha isiyoijua ikaitupa. Hili ni tatizo lile lile linalofuata, ila bila vurugu.

Ili kujua printa yenyewe inasema nini bila kusogea, kama inaelewa IPP, iulize:

```
ipptool -tv ipp://192.168.1.50/ipp/print get-printer-attributes.test | grep -i state
```

Kwenye Debian na Ubuntu amri hii iko kwenye kifurushi cha cups-ipp-utils. Ukiona "media-empty", karatasi zimeisha. "Media-needed", inataka karatasi ya aina nyingine. "Cover-open", kuna kifuniko hakijafungwa vizuri. Ni amri ndefu kuandika, lakini inaokoa ngazi mbili za ghorofa, na kwa anayesimamia printa iliyo jengo la pili inaokoa hata kunyeshewa.

## Kurasa kwa kurasa za alama zisizosomeka

Karatasi ya kwanza ina mstari unaoanza na %PDF au %!PS, kisha takataka mtindo mmoja. Printa imepewa faili mbichi na inachapisha herufi zake badala ya kuitafsiri.

Zuia hasara kwanza, kwa mpangilio huu: futa kazi kwenye kompyuta kwa `cancel`, ndipo uvute trei ya karatasi, ndipo uzime printa. Wengi huanza kwa kuzima printa. Ikiwaka, foleni iliyokuwa inaisubiri inaendelea kumwaga.

Kisha tafuta chanzo. Cha kawaida ni foleni iliyoundwa bila draiva. Andika `lpoptions -p ofisi`. Ukiona "Local Raw Printer", ndiyo hiyo. Iunde upya. Kwa printa ya miaka ya karibuni inayotumia AirPrint au IPP Everywhere, hakuna draiva ya kutafuta mtandaoni:

```
sudo lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere
```

Angalia -E imekaa wapi. Baada ya -p ofisi, inawasha foleni na kuiruhusu ipokee kazi. Ukiiweka kabla ya -p, inadai usimbaji wa mawasiliano na seva, na foleni yako inabaki imefungwa. Herufi ileile, kazi mbili, na maelekezo mengi yaliyozagaa yamezichanganya.

Chanzo cha pili ni `-o raw` iliyosahaulika ndani ya amri au skripti, iondoe. Cha tatu ni draiva ya modeli nyingine, ambayo `lpinfo -m` itakusaidia kubadilisha. Cha mwisho ni kurusha PDF kwa nc moja kwa moja kwenye 9100. Baadhi ya printa zinaelewa PDF zenyewe, nyingi za bei nafuu hazielewi.

## Maandishi yanashuka ngazi kuelekea kulia

Mstari wa pili unaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu mbele zaidi, mpaka yote yanatokomea ukingoni. Umetuma maandishi matupu yenye alama ya kushuka mstari bila alama ya kurudi mwanzo. Yapitishe kwenye foleni yenye draiva na tatizo litaisha. Ukilazimika kutuma ghafi:

```
sed 's/$/\r/' orodha.txt | nc -w 3 192.168.1.50 9100
```

Kama ukurasa umechapwa lakini unang'ang'ania ndani hadi ubonyeze kitufe, umekosa alama ya kutoa ukurasa. Tuma `printf '\f'` kwa njia hiyohiyo.

## "Filter failed"

Ugeuzaji wa faili umekwama kabla ya mtandao kuhusika, kwa hiyo usihangaike na nyaya. Jaribu faili nyingine: ikitoka, ile ya kwanza ndiyo mbovu. Zote zikikataa, kuna kipande cha draiva kinakosekana. Baadhi ya printa za HP, kwa mfano, hudai nyongeza inayowekwa kwa `hp-plugin`. Kwa undani zaidi, washa kumbukumbu kamili, tuma kazi moja, kisha soma:

```
sudo cupsctl --debug-logging
lp -d ofisi jaribio.pdf
sudo tail -n 80 /var/log/cups/error_log
sudo cupsctl --no-debug-logging
```

Mistari inayoanza na E ndiyo ya makosa. Usisahau amri ya mwisho, la sivyo faili hiyo itavimba.

## Kwa mkono inachapisha, skripti ya usiku haichapishi

Ripoti ya mauzo inatakiwa itoke saa kumi na mbili asubuhi kabla duka halijafunguliwa, na trei ni tupu. Mazingira ya cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, si yako. Haina zile PRINTER na LPDEST zako, haianzi kwenye folda uliyoizoea, na kama iko chini ya mtumiaji mwingine, haisomi `~/.cups/lpoptions` yako. Andika kila kitu kwa ukamilifu na uweke pa kuandikia malalamiko:

```
0 6 * * * /usr/bin/lp -d ofisi -o media=A4 /srv/ripoti/mauzo.pdf >> /tmp/chapa.log 2>&1
```

Chapa.log ikionyesha namba ya kazi, cron imefanya kazi yake na unarudi kwenye foleni iliyosimama. Ikionyesha kukataliwa kusoma faili, rekebisha ruhusa za faili. Ikiwa haipo kabisa, cron haikukimbia. Pengine kompyuta yenyewe ilikuwa imezimwa.

Kwa walio kwenye Windows: amri ya lpr ipo, ila mpaka uiwashe kwenye orodha ya vipengele vya ziada vya mfumo, na printa iwe inakubali itifaki ya LPD kwenye mlango 515. Nje ya hapo ni ulimwengu mwingine.

## Mahali pa kuacha na kuita fundi

Harufu ya kuungua, moshi au mlio wa cheche: chomoa ukutani, usijaribu kuchapisha "mara moja tu".

Karatasi iliyokwama ndani kabisa ya printa ya leza: sehemu inayoyeyusha tona hupanda hadi karibu nyuzi 200. Ikiwa huwezi kuivuta karatasi kutoka milango ambayo printa imekusudia ifunguliwe, acha ipoe na umwachie fundi. Kisu na koleo hurarua utando wake, na bei yake hukaribia ya printa nzima ndogo.

Radi. Kisumu, Kakamega na Kisii wanaijua. Baada ya mvua ya ngurumo, taa ya mlango wa waya wa mtandao nyuma ya printa ikiwa haiwaki hata ukibadilisha waya na tundu la swichi, mlango huo huenda umeungua. Hakuna amri itakayouponya. Waya unaopita nje kutoka jengo moja hadi jingine ufanyiwe kazi na mtu mwenye ujuzi wa kinga ya radi.

Mtandao usio wako. Katika ofisi ya kaunti, hospitali au chuo, usibadilishe ruta wala anwani. Ujumbe wa "Forbidden" au "Not authorized" unamaanisha msimamizi ndiye wa kukuongeza kwenye kundi la lpadmin.

Na kamwe usifungue mlango 631 uonekane kutoka intaneti ili bosi achapishe akiwa nyumbani. Septemba 2024 ilitangazwa hitilafu ya cups-browsed (programu inayoisaidia CUPS kutafuta printa mtandaoni) iliyopewa namba CVE-2024-47176, iliyotumia mlango huohuo. Akihitaji kuchapisha kutoka mbali, mwombe msimamizi wa mtandao aweke VPN, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi.

Vilevile usihariri `/etc/cups/printers.conf` huku huduma ikiendelea. CUPS itaandika juu ya mabadiliko yako.

Ukimpigia fundi, usimwambie tu "printa imekataa". Mtumie jibu la `lpstat -t`, la `nc -zv` kwa milango yote miwili, mistari ya E kutoka error_log, na picha ya kioo cha printa. Akiwa navyo anaweza kujua kabla ya kupanda matatu kama abebe bisibisi au laptopu.